Matundu Mawili

Dukani kwa Biju, Ruwi, kaunta ni mbili:
moja ya waliokuja kununua,
moja ya waliokuja kuuliza.
Mimi nimesimama katikati na karatasi yangu.
Prosesa isiyo mlafi wa umeme.
Ramu ya giga nane.
Kadi ya mtandao yenye matundu mawili,
moja la kutazama dunia, moja la kutazama nyumbani.
Na feni, hapana. Feni sitaki.

Feni imekukosea nini, dada?

Nakaa Ibra, Biju.
Vumbi la kwetu halipigi hodi,
hupita kwenye feni likajilaza humo ndani
kama mgeni aliyeaga siku mbili akakaa saba,
na mwezi wa sita, saa nane mchana,
sebuleni kwa mamangu, kiyoyozi kikigoma,
yai utalikaanga juu ya kile kisanduku cheupe
tulichopewa bure na kampuni.
Bure yao tumeilipa sana.
Kila Ijumaa kinazimika, kinawaka,
kinawaza, kinazimika.

Binamu yangu Mundhir anasema, nunua iliyo tayari.
Ina antena sita, imelala chali kama kaa.
Nzuri, sikatai.
Lakini siwezi kuipasua tumbo
nikajua nani kamwachia nani mlango.

Biju akanitolea kompyuta iliyostaafu benki,
riali ishirini na nane, feni yake inakohoa.
Kando yake sanduku la alumini, mbavu nje nje,
halina sauti, riali sitini na nne.
Walisema rahisi ghali.
Hawakusema ghali kiasi gani.
Nikahesabu, nikaomba maji, nikahesabu tena.
Kadi ya kwanza stika yake ilikaa upande;
nikaisugua kwa ukucha, ikatoka, na jina likatoka nayo.
Biju akatazama dari.
Ya pili akaitoa droo ya chini, bila kuambiwa.

Usiku ule nikaandika sheria ya kwanza:
funga vyote.
Mkono ulisita, nisiseme uongo.
Sisi tumelelewa hodi ikijibiwa karibu
hata jina halijatajwa, chai ishaingia jikoni.
Sasa nafundisha chuma kuuliza, nani kakuita?
Aliyeitwa kutoka ndani, apite.
Asiyeitwa, asijibiwe hata hapana,
aone ukuta tu, adhani hakuna nyumba.

Asubuhi nikasoma daftari la mlango:
hodi elfu nne mia mbili na kumi na moja.
Usiku mmoja! Kwa nyumba ya wajane wawili na paka.
Nikapima kasi: megabiti mia tisa thelathini na nane.
Nikapima tena kwa raha tu.

Ijumaa ikafika. Mama akajifunga kanga ile ya simu,
akampigia mdogo wake, Zeyana, Wete.
Uso ukaja. Ukakatika vipande.
Ukarudi jicho kwanza, halafu ukuta wa chumba, halafu kimya.

"Ghaniya, wewe si umejenga?"

Nimejenga, mama. Upande wetu.
Kule mama mdogo ana bando la siku
na simu anayoiegemeza kwenye kopo la sukari.
Nina barabara ya njia nane
inayoishia kwenye uchochoro wa mtu mmoja.

Nikaushika waya, nikauachia.
Nikaligusa sanduku: vuguvugu, kama kikombe cha kahawa
kilichosahauliwa na mtu mwenye maneno mengi.
Hakuna la kurekebisha humu.
Kesho nitamtumia pesa ya bando, la mwezi,
na itabidi nimwelekeze kwa simu hiyo hiyo.

Nikanyoosha kidole nikate, tupige upya.
Mama akanishika mkono.
Kwenye kioo Zeyana amegandia mdomo wazi,
meno mawili ya mbele hayapo, kichwa nyuma.

"Muache," akasema. "Hapo alipokwama anacheka."